Mbwa wangu amegoma njiani kule Kwale na mimi sikuona kitu. Wajuzi, aliona nini?

#1 MtembeziWaTudor (Jumapili, saa 2:40 usiku)

Salaam wana jukwaa. Nina swali linanikera tangu mchana.

Leo nilipanda Kwale na mbwa wangu, Kaimati. Ni wa kike, miaka minne, mbwa wa kienyeji, rangi yake kama kaimati zilizoungua kidogo. Hifadhi ya Shimba Hills hatukuingia, najua mbwa hawaruhusiwi humo. Tulipita nje ya seng'enge, kwa vijia vya mashambani, mikorosho huku na minazi kule, halafu njia ikashuka bondeni kwenye kichaka. Tulianza kutembea saa moja na nusu asubuhi.

Saa tano kasoro, pale njia inapoingia chini ya miti mikubwa kabla ya kijito, Kaimati akasimama. Si kusimama kwa kunusa. Alikaa kitako, masikio nyuma, mkia chini ya tumbo. Hakubweka. Nikavuta kamba, akalala chini. Nikamtolea mshikaki wa jana. Huyu ni mbwa ambaye akisikia tu karatasi ya mshikaki ikichakarika huja mbio, leo akageuza uso. Nikaenda mbele peke yangu hatua thelathini hivi: majani, maji kidogo, kimya. Nyuma yangu ndo akaanza kulia, ule mlio mwembamba. Nikarudi. Tulipogeuka tu akanitangulia, mkia juu kama twaenda harusini.

Juu shambani mzee mmoja akacheka, akaniambia, "Mbwa wako ana akili kukushinda." Nikamuuliza kuna nini kule. Akasema, "Kwani umeambiwa kuna nini?" Akaendelea kupalilia.

Sasa nyinyi mnaojua milima na mnaojua mbwa, nielezeni.

#2 MamaPaka_Kibokoni

Paka wangu hugoma kila siku na sijawahi kufungua uzi.

#3 KijanaWaKombani

Ndovu. Funga uzi.

Mimi nimezaliwa huku. Mbwa wa mjini hajui ndovu ni nini, lakini pua inajua kwamba kitu kikubwa kimepita. Hao wanyama huvunja seng'enge usiku wakifuata mahindi na maembe, na asubuhi wengine hubaki vichakani karibu na maji, wamesimama tuli. Ndovu akisimama kivulini unaweza kumpita hatua ishirini usimwone, naapa. Mwaka 2005 serikali ilihamisha ndovu kama 150 kutoka hapa hadi Tsavo Mashariki kwa sababu walikuwa wengi kuliko msitu, na waliobaki wanajua mashamba yetu kuliko maafisa wa ardhi.

Pia ndovu huongea kwa sauti nzito sana ambayo mtu haisikii. Mbwa anaisikia. Huyo Kaimati alisikia wakiteta.

#4 DaktariWaMbuzi

Kabla hatujafika kwa ndovu tuanze na mbwa mwenyewe. Mimi si daktari, jina ni mzaha, ila nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi.

Mleta uzi, jibu haya: Alikunywa maji mara ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Alikuwa akihema vipi? Ufizi ulikuwa rangi gani? Umetazama nyayo zake?

Nauliza kwa sababu mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Jasho lake liko kwenye nyayo tu, na ni kidogo. Hujipooza kwa kuhema, ulimi nje, mate yakauke na yaondoke na joto. Sasa huku pwani hewa imejaa maji, mate hayakauki upesi, kwa hiyo mbwa anahema kwa nguvu na faida haipo. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Likipita 41 unakaribia kumzika. Wengi hukaa chini na kukataa kwenda kabla ya kuanguka, na mwenyewe anadhani ni ukaidi. Mbwa kukataa nyama ni dalili ya kuangaliwa.

Siku nyingine weka mgongo wa mkono wako kwenye njia, uhesabu hadi saba. Ukishindwa wewe, na yeye asikanyage.

#5 Mtoto_wa_Kisauni

Mshikaki wa jana kwenye mkoba kutoka alfajiri hadi saa tano? Mbwa kakataa kwa afya yake.

#6 MtembeziWaTudor

Shukrani nyote. Namba 4: nilibeba lita tatu, alikunywa mara nne, ya mwisho kama dakika kumi kabla. Alikuwa akihema kawaida. Ufizi sikutazama, sikujua kama hutazamwa. Nyayo nimezitazama usiku huu, ziko sawa. Na pale aligomea palikuwa na kivuli! Jua tulikuwa tumeliacha nyuma. Angekuwa amechoka kwa joto si angekimbilia kivulini? Halafu mbona kurudi alikimbia, tena kupanda?

Namba 5: mshikaki niliula mimi njiani. Nimefungua uzi nikiwa mzima.

#7 DaktariWaMbuzi

Anaporudi anajua anakoelekea. Hata punda wa mikokoteni pale Mji wa Kale wakigeuzwa kuelekea zizini huongeza mwendo. Lakini sawa, kivuli chanipunguzia nguvu ya hoja. Joto naliweka kando, silitupi.

#8 MdigoHalisi

Mnazunguka. Yule mzee kawajibu mwanzoni, ila hamkumsikia.

Huku kwetu msitu mdogo wenye miti mikubwa katikati ya mashamba huwa una sababu ya kubaki. Kwa nini pengine pote pamelimwa na pale pamesazwa? Kaya zetu, yaani misitu mitakatifu ya wahenga, zina wazee wake. Za Wamijikenda zimetambuliwa na UNESCO tangu 2008, zimetapakaa kilomita 200 za pwani, na hizo ni zile kubwa tu. Yako makaburi, yako mapango ya matambiko, yako mahali ambapo fingo, ile kinga ya kaya, limezikwa na mpaka leo halikanyagwi ovyo. Ukienda Kaya Kinondo, Diani, unafungwa kaniki kiunoni, unaongozwa, unaambiwa usikate hata jani. Wewe umeingia na mbwa na kamba na karatasi ya mshikaki.

Sisemi jini, msinitilie maneno mdomoni. Nasema mahali pana wenyewe, na mbwa kabisha hodi kwa niaba yako.

#9 Ustadh_wa_Makadara

Nimecheka na namba 8. Mbwa kabisha hodi!

Mleta uzi, nakuuliza kwa wema: hayo mate umeyaosha? Mara saba, moja kwa udongo, ndivyo tulivyosomeshwa sisi Mashafii. Udongo wa Kwale ni mzuri, mwekundu, ungeutumia hapo hapo.

#10 BintiMazeras

Ustadh, na Wamaliki je? Kwao mbwa si najisi. Kisha mbwa wa Watu wa Pangoni alikaa kizingitini miaka yote ile na ametajwa ndani ya Qur'ani. Kaimati naye kakaa kizingitini, muacheni.

#11 Ustadh_wa_Makadara

Binti, umesoma. Nanyamaza. Ila yule alilinda pango, huyu kalinda mshikaki.

#12 MwalimuWaFizikia

Narudi namba 3, maana imeandikwa kwa uhakika na iko kinyume.

Ni kweli ndovu wana mngurumo wa chini sana, chini ya mizunguko 20 kwa sekunde, ambao sikio la mtu halidaki. Lakini mbwa ndiye asiyeusikia zaidi! Sikio la mbwa huanza kusikia kwenye mizunguko kama 65. Sisi huanza 20. Anapotushinda mbwa ni juu: sisi mwisho wetu 20,000, yeye hufika kama 45,000. Ndio maana zile filimbi za mbwa wewe huzisikii. Kwa hiyo sauti nzito ya ndovu, Kaimati ni kiziwi kuliko mwenye naye.

Pua ni habari nyingine. Mbwa ana vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, sisi milioni tano au sita. Ungesema kamnusa ndovu ningekaa kimya.

#13 KijanaWaKombani

Basi kamnusa. Ndovu ni yule yule.

#14 FundiSengenge

Mimi uzi huu nimeuona leo tu na nashangaa hakuna aliyeuliza swali la kwanza: seng'enge ilikuwa umbali gani na pale mbwa alipokaa?

#15 MtembeziWaTudor

Upande wa kulia, kama hatua sitini. Ilikuwa ikionekana baina ya miti. Nyaya kadhaa, na majani yamezipandia pande fulani.

#16 FundiSengenge

Ahaa. "Majani yamezipandia." Sasa nisikilizeni.

Seng'enge ya ndovu haina umeme wa kumiminika kama wa nyumbani. Kuna mashine inayotuma pigo moja moja, takriban moja kila sekunde, volti maelfu lakini kwa muda mfupi mno ndo maana haiui. Ili mzunguko ukamilike lazima umeme urudi kupitia ardhini, na kuna fimbo za chuma zimezikwa kwa kazi hiyo. Nyasi mbichi zikigusa waya, au kigingi kikipasuka, umeme unavuja kuingia kwenye udongo. Udongo mkavu haujali. Udongo wa karibu na kijito, umelowa, unapitisha.

Wewe mleta uzi ulivaa viatu vya mpira. Mbwa yuko pekupeku, miguu minne, ya mbele mbali na ya nyuma, nyayo zina jasho (tazama namba 4). Wewe huhisi kitu. Yeye anachomwa kila sekunde, hajui ni nani anayemchoma. Nimeona ng'ombe wakikataa kunywa maji birikani kwa sababu hiyo hiyo, mwenyewe akamwita mganga.

Na hata bila kuvuja, waya mbovu hutoa mlio wa kukatika, ta, ta, ta. Wewe utausikia ukikaribia. Mbwa atausikia mbali.

#17 MwalimuWaFizikia

Hoja nzuri, ila hatua sitini ni mbali kwa umeme unaovuja. Nguvu yake hupungua upesi ukiondoka pale unapoingia ardhini. Labda fimbo zenyewe ziwe zimezikwa pale kijitoni.

#18 FundiSengenge

Fimbo hutafutiwa udongo wenye unyevu, Mwalimu. Ukiwa fundi ungezizika wapi?

#19 MwalimuWaFizikia

Kijitoni.

#20 MamaPaka_Kibokoni

Mwalimu kapigwa bao nyumbani kwake.

#21 BintiMazeras

Na siafu je? Mvua zilikuwa zimekatika majuzi tu. Mimi nilikuwa na mbwa, marehemu sasa, aliingia kwenye msafara wa siafu Rabai akiwa mdogo. Walimpanda mpaka masikioni, tukamtoa mmoja mmoja kwa vidole. Tangu siku ile akiona mstari mweusi njiani alikuwa anakaa vile vile, kitako, bila kubweka, kama mtoto aliyepelekwa kudungwa sindano. Mstari wenyewe pengine mimi niuone baadaye sana.

Kama si siafu basi upupu. Ule ukikauka, upepo tu unakuletea vinyweleo. Mwaka jana nilijifuta uso kwa leso iliyokuwa imeanguka chini ya upupu. Sitaki kueleza zaidi. Nilishuka kilima nikilia, nikajipaka majivu kwa mama mmoja nisiyemjua, naye akinicheka.

#22 Mtoto_wa_Kisauni

Eleza zaidi.

#23 BintiMazeras

Hapana.

#24 NahodhaMstaafu

Wanangu, mimi ni mtu mzima na baharini nimemaliza, lakini kabla ya bahari nilikuwa mtoto wa bara kidogo, upande wa Kinango, na mjomba wangu alikuwa msasi. Nazungumza zamani, kabla uwindaji haujapigwa marufuku nchi nzima mwaka 1977. Mbwa tulikuwa nao sita.

Namba 3 na namba 16 wote wamesema maneno ya maana, ila hawajauliza mbwa alifanya nini na mdomo wake. Mbwa akikutana na ndovu hubweka. Ni kosa kubwa na ndivyo afanyavyo: hubweka, ndovu akamkasirikia, mbwa akakimbilia kwa mwenyewe, na ndovu nyuma yake. Mjomba alikuwa akisema mbwa ndiye anayekuletea ndovu mlangoni. Mbwa akimwona nyoka huruka ruka pembeni na kelele. Nguruwe mwitu, anamfukuza. Nyani, wanatukanana.

Chui peke yake ndiye anayemnyamazisha. Chui anapenda sana nyama ya mbwa, na mbwa amezaliwa anajua. Akiipata harufu hiyo mkia hushuka, sauti hukatika, na hatakwenda mbele hata umchinje. Wale sita walikuwa wakali, na methali yasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, lakini siku moja karibu na pango la mawe niliwaona wote sita wamejibana kwenye miguu ya mjomba kama vifaranga. Mjomba hakusema kitu. Akageuka, nasi tukageuka. Hatukumwona huyo chui, wala hatukumtafuta.

Wewe ukaenda mbele hatua thelathini peke yako. Kwa nini alilia ulipomwacha? Fikiri.

#25 MtembeziWaTudor

Mzee shikamoo. Nilikuwa nimeketi, sasa nimesimama.

#26 NahodhaMstaafu

Marahaba mwanangu. Keti tu. Mchana chui hulala.

#27 KijanaWaKombani

Shikamoo mzee. Kwa heshima, chui huku wapo kweli, ila wanaonekana kwa nadra mno. Ndovu wako kila wiki. Ukisikia kishindo pwani, sema ni gari kabla ya kusema ni meli imepanda barabarani.

#28 MamaPaka_Kibokoni

Chui ni paka. Mimi naunga mkono chui.

#29 DaktariWaMbuzi

Nimerudi na swali moja dogo. Njiani mliona vitambaa vya buluu na nyeusi vimetundikwa kama chandarua?

#30 MtembeziWaTudor

Ndiyo! Viwili. Nilidhani ni vya kutisha ndege. Kaimati alivinusa.

#31 DaktariWaMbuzi

Hiyo ni mitego ya ndorobo, wengine mwaita mbung'o. Rangi hizo mbili huwavuta. Shimba Hills imejaa ndorobo miaka yote, ndo maana ng'ombe wa huko husumbuliwa na nagana, ugonjwa wa damu unaoletwa na ndorobo. Tena tafadhali siku nyingine usivae buluu wala nyeusi.

Ndorobo huuma kwa maumivu makali. Hupenda vichaka vya kivulini karibu na maji, yaani pale pale mlipofika. Mbwa aliyeumwa mara mbili tatu tumboni, penye nywele chache, anaweza kukaa kitako ili alifiche tumbo. Mtu mwenye suruali nzito hajui lolote. Hiyo ni kauli yangu mpya na naipenda kuliko ya joto.

Lakini hapa naomba tuache mchezo kidogo. Mbwa hupata ugonjwa huo, na humuua. Kwa wiki kadhaa zijazo mtazame: homa, kukonda huku anakula, tezi kuvimba, na zaidi ya yote macho. Jicho likiingia ukungu wa weupe au ubuluu, usingoje, usimtilie dawa ya macho ya dukani, mpeleke kwa daktari wa mifugo umwambie neno hili: "Alikuwa Shimba Hills." Daktari wa mjini asiyeambiwa hivyo anaweza kutibu jicho mwezi mzima na mbwa akafa kwa ugonjwa ulio kwenye damu. Nimeona ikitokea, si mara moja. Mpekue na kupe pia, masikioni na baina ya vidole.

#32 MtembeziWaTudor

Sikujua hata kidogo. Ahsante sana. Kupe nimetoa watatu. Macho yako safi, nimemmulika na tochi mpaka kanichoka.

#33 Mtoto_wa_Kisauni

Mimi nataka kujua jambo lililo muhimu: ulimfikishaje Kwale? Hakuna matatu Likoni itakayopakia mbwa.

#34 MtembeziWaTudor

Feri hakuna shida, tulivuka kwa miguu na watu wakatupa nafasi kubwa kuliko hata wagonjwa wanavyopewa. Likoni ndo kazi. Matatu ya kwanza utingo alisema mbwa hapandi. Ya pili akasema apande kama mzigo, nauli ya gunia. Nikauliza gunia la nini, akasema la mkaa, kwa rangi. Nikalipa. Tukapita Kombani, abiria mmoja akashuka, akapanda nyuma yetu mwingine mwenye kuku wawili, na hao kuku hawakulipishwa.

#35 BintiMazeras

Kuku wana jamaa serikalini.

Kwa kweli, mwenye gari apitie barabara mpya ya Dongo Kundu, hutaki feri wala matatu. Na mwenye mbwa asiye na gari aje huku kwetu, Mazeras na Rabai. Njia za kutembea ziko, mashamba na mabonde, ndorobo sijawahi kuwasikia wakilalamikiwa kama huko. Ukichoka unaenda kuitazama nyumba ya mmisionari Krapf pale Rabai, misheni ya 1846, mbwa anakungoja chini ya mti. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ubebe, watoto wa vijijini wamefundishwa kuogopa, na wana haki.

#36 MdigoHalisi

Na Rabai pia pana kaya. Usimwambie aingie tu na kamba yake.

#37 BintiMazeras

Si nimesema mashamba, babu? Kaya mimi mwenyewe siingii bila mzee.

#38 MdigoHalisi

Babu nani? Nina miaka 31.

#39 MamaPaka_Kibokoni

Umeandika kama una 80, hatuna makosa.

#40 FundiSengenge

Mleta uzi, Jumapili hii mimi niko huru. Nina kipima volti. Tukarudi pale, nikagusa udongo, mjadala umekwisha. Kijana wa Kombani atuongoze.

#41 KijanaWaKombani

Nipo. Nitawaonyesha kinyesi cha ndovu mkakichukue. Jamaa wa Mwaluganje, ile hifadhi ya ndovu ya jirani, walikuwa wakitengeneza karatasi kwa kinyesi hicho, mtaandikia msamaha.

#42 NahodhaMstaafu

Nendeni asubuhi, mtoke kabla ya jioni. Na mbwa asifunguliwe kamba karibu na hifadhi hata kwa dakika. Askari akimwona mbwa huru porini anamwona msasi nyuma yake.

#43 MtembeziWaTudor (Jumapili iliyofuata, saa 1:15 usiku)

Tumerudi, wazima. Natoa habari kama ilivyokuwa, mtanisamehe kama haimfurahishi mtu.

Tulikuwa watatu na Kaimati. Tulipofika kwa yule mzee nilisimama, nikamwamkia, nikampa mkate na kahawa niliyomchukulia, tukazungumza kidogo. Nikamwomba njia. Akasema, "Piteni." Basi.

Saa nne na nusu tukafika pale pale. Mimi moyo wanidunda. Kaimati akaja, akapita. Hakusimama hata kidogo. Akavuka kijito, akanywa maji, akageuka kututazama sisi watatu tuliokuwa tumesimama kama wajinga tukingoja agome.

Fundi akapima. Seng'enge haikuwa na umeme siku hiyo, askari aliyekuwa akipita ng'ambo akatuambia imezimwa tangu Ijumaa inatengenezwa. Fimbo hatukuziona, ila pale majani yalipoupandia waya pamekatwa, bado mabichi. Kijana wa Kombani kapata kinyesi cha ndovu, kikavu, kama cha wiki moja hivi, hatua arubaini kutoka njiani, na mgomba umevunjwa. Siafu hatukuona. Ndorobo mmoja alimuuma Fundi shingoni, alivaa fulana ya buluu, kaambiwa na bado kavaa.

#44 FundiSengenge

Umeme umezimwa, mbwa kapita. Jumapili ile umeme upo, mbwa kagoma. Nyinyi mnataka nini tena?

#45 KijanaWaKombani

Kinyesi cha wiki moja! Jumapili ile ndovu yupo, mbwa kagoma. Jumapili hii ndovu hayupo, mbwa kapita. Mnataka nini tena?

#46 MdigoHalisi

Jumapili ile hukumwamkia mzee. Jumapili hii umemwamkia, na mkate juu.

#47 DaktariWaMbuzi

Saa nne na nusu, wingu, si saa tano na jua. Sisemi neno.

Macho yake vipi?

#48 MtembeziWaTudor

Safi. Anakula. Namulika kila usiku, sasa akiona tochi anajificha chini ya kitanda.

#49 NahodhaMstaafu

Huyo askari mliyemkuta, hamkumuuliza kama kuna chui?

#50 KijanaWaKombani

Nilimuuliza mzee. Alicheka kwanza. Kisha akauliza, "Mbwa anasemaje?"

#51 Mtoto_wa_Kisauni

Na nauli je, mara hii?

#52 MtembeziWaTudor

Utingo yule yule. Kaniambia mteja wa kudumu, gunia nusu.